Kisu Kilichong'aa Kupita Kiasi

Nina visu vya kukunja sitini na kimoja. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: zunguka Gisenyi yote, kuanzia ufukweni hadi sokoni, hutapata mtu mwingine mwenye hata kumi. Wenzangu waliopata kidogo wamejaza nyumba makochi ambayo hata watoto wao hawaruhusiwi kukalia. Mimi nilimwita seremala, nikamchorea kabati kwa mkaa pale sakafuni: droo nne, kila kisu na kitanda chake cha kitambaa. Alipomaliza kazi akaniuliza nani alinifundisha kuchora. Nikamwambia, njaa.

Hewa ya ziwa inakula chuma kimyakimya. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya chakula navitoa vyote, navifungua, navipaka mafuta ya cherehani, navifunga. Tak. Tak. Tak. Kila kimoja kina sauti yake. Nifunge macho, nami nitakuambia ni kipi. Mke wangu akinikuta hapo husema, "Ungekuwa unashika masufuria yangu hivyo, majirani wangekuja kuyatazama." Nami humjibu kwamba sufuria haijikunji.

Shule niliiacha darasa la nne. Maisha nilianzia pale mpakani, Petite Barrière, nikiwabebea magunia watu wanaovuka kwenda Goma, kichwa changu ndicho kilichokuwa gari langu. Wabebaji tulikuwa wengi kama siafu, lakini mimi niligundua jambo ambalo wasomi wasingeligundua: mama mwenye mzigo humwita kwanza mbebaji mwenye kisu. Kamba ikikaza, gunia likitakiwa lifunguliwe likaguliwe, atamtafuta huyo huyo. Nikajipatia kimoja chenye mpini wa mti. Kikilala mfukoni hakimtishi mtu, kikiamka kinafanya kazi. Tangu siku hiyo sikukosa mzigo. Leo nina lori langu, nanunua viazi Bugeshi na kuvishusha mjini, na hakuna mjomba wala mkubwa yeyote aliyenishika mkono.

Ndiyo maana navipenda. Na siyo hivi vipya vya plastiki, ambavyo ukikata navyo kamba mara tatu vinaanza kuomba likizo. Nataka vya kizamani, vilivyoshikwa na watu. Ninacho cha pembe ya ng'ombe kilichotoka Masisi. Ninacho ambacho mhunzi alikitoa kwenye springi ya lori. Ninacho cha mwalimu mstaafu wa Nyundo, alichochongea penseli za watoto kwa miaka yake yote ya kazi. Shule niliikimbia, lakini kisu cha shule kiko kwangu, droo ya kwanza.

Sasa nieleze kile ambacho sinacho.

Kule Bugeshi lori langu husimama karibu na shamba la mama mmoja mzee. Kwa heshima tunamwita mukecuru, kama wazee wote wa kike wanavyoitwa huku. Yeye na mumewe walirudi kutoka Kongo na ng'ombe wachache, wakalima viazi, kisha mume akafariki, akabaki yeye na mwanawe wa mwisho, mwanamume mzima mwenye watoto. Bado anazungumza Kiswahili cha kule Kongo, na ulimi wake una makali kuliko kisu chochote nilichonacho.

Siku moja vijana wakipakia magunia, nilimkuta amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anakata viazi vya mbegu, kila kipande na jicho lake. Nikaona anachokatia. Kisu cha kukunja cha zamani hasa, bapa lake jeusi kama kitako cha chungu, mpini umezungushiwa waya wa shaba kwa sababu ulikuwa umepasuka. Msumari wake wa katikati ulikuwa umelegea, bapa linacheza kama jino la mtoto.

Nikachuchumaa. "Mukecuru, hicho kisu kitakukata vidole."

"Vidole ni yangu."

"Niuzie."

"Kisu ya muzee yangu? We, nenda ununue viazi."

Nilirudi kwa maneno mengine wiki iliyofuata, na nyingine. Mwishoni nikabadilisha njia, maana mimi siyo mtu wa kushindwa. Nikamwambia: sitaki kukinunua, nataka kukitengeneza tu. Nipe siku saba. Ukikipenda, tutazungumza. Usipokipenda, basi. Moyoni nilijua tayari droo ya pili ina nafasi yake.

Alikifuta kisu kwenye kanga yake, akaniwekea kiganjani. "Siku saba. Siyo nane."

Nikamwachia kisu changu kingine cha kufanyia kazi, nikakipiga chake picha kwa simu kama ninavyofanya kwa kila kisu, nikashuka nacho mjini nikiwa nimekifunga ndani ya leso.

Hiyo wiki nilifanya kazi ambayo mpaka leo sijaona fundi wa kuifanya. Nilitoa ule msumari uliochoka, nikatengeneza mwingine kwa shaba ya ufunguo wa kufuli, nikautwanga taratibu mpaka bapa likatulia. Nikavua waya. Ufa nikauziba kwa gundi na kuubana usiku na mchana. Kisha nikaanza kusafisha: tupa, msasa mgumu, msasa laini, jivu na ndimu. Weusi ukaondoka, chini yake chuma cheupe kama mwezi. Mpini nao ukatoa mti mwekundu ambao hakuna aliyejua kuwa ulikuwa ndani. Nikaupaka samli. Nikakifunga kisu: tak. Sauti safi kuliko zote sitini na moja.

Mke wangu alikishika, akajitazama kwenye bapa, akajipanga kitambaa cha kichwa. "Umetengeneza kioo," akasema.

Siku ya saba nikapanda Bugeshi. Nilivaa suruali yangu nzuri, ile ya misa na harusi, maana nilijua nitapongezwa. Nikamkuta palepale, majirani wanawake watatu wamekaa naye. Nikafungua leso.

Hakunyoosha mkono. Aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Hii nini?"

"Kisu chako, mukecuru."

"Hii si kisu yangu."

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Kisu yangu ilikuwa nyeusi. Ilikuwa na waya. Muzee alifunga ile waya kwa mukono yake. Iko wapi waya?"

"Nimeitupa, mama, haikuwa na kazi tena..."

"Yebabawe! Ameitupa!" Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Amekula kisu ya muzee yangu, ananiletea hii ya dukani."

"Angalia, nina picha," nikasema, nikatoa simu haraka haraka, nikamwonyesha kisu kilivyokuwa siku aliyonipa.

Hapo nilifanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Jirani mmoja alichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akapiga kelele: "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo kabisa! Donc unayo bado! Irudishe!" Simu ikapita mikono yote. Kila aliyetazama picha kisha akatazama kisu, alitikisa kichwa. Nilikuwa nimejiletea ushahidi mwenyewe.

Nilipogeuka nikaona vijana wa kupakia wameshusha magunia chini. Hakuna aliyewaambia. Walisimama tu, mikono kiunoni. Ndipo baridi ya kule ilipoingia ndani ya suruali yangu nzuri. Bugeshi mtu akiitwa mwizi asubuhi, jioni kila njia ya miguu inajua, na kesho yake hapati hata kiazi kimoja cha kuonja. Miaka yangu yote ya kuamka kabla ya jogoo, lori, kabati, jina, vyote vilikuwa mikononi mwa mama mmoja aliyekataa kushika kisu.

"Mukecuru, niapishe kwa chochote."

"Sitaki kiapo. Nataka kisu."

Nilieleza msumari, ufunguo, gundi, ndimu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mwongo, maana nani anapoteza ndimu kwa kisu? Jirani mmoja akaniuliza kama mjini hatuna kazi.

Wakati huo mwanawe akapanda kutoka shambani, jembe begani, matope hadi magotini. Mama akamweleza kwa sauti ya juu, nami nikaeleza juu ya maelezo yake. Yeye hakumsikiliza yeyote. Alisema tu, "Bon, leta nione kama inakata," akakichukua kwenye leso, akachukua kiazi.

Alikishika kwa mkono wa kushoto.

Akakigeuza, akakishika tena. Kwenye mpini kulikuwa na kishimo kidogo, kimelika, na kidole gumba chake kilikuwa kimeingia humo kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Lazima niseme ukweli hapa: kile kishimo nilikiona nikitengeneza, nikadhani ni ubovu, nikataka kukijaza unga wa mbao na gundi. Gundi ndiyo iliyoisha. Mimi mwenye visu sitini na kimoja sikufikiria kuwa ni kidole cha mtu, kwa sababu nilikuwa nakishika kwa mkono wa kulia.

"Mama," akasema yule mwana, "huyu mutu hakubadilisha. Shika hapa."

Baba yake alikuwa wa mkono wa kushoto, na yeye vilevile. Nilikuja kuambiwa kwamba utotoni mama alimchapa mara nyingi ili ale na asalimie kwa mkono wa kulia, na alifaulu kwenye chakula na salamu tu. Mama alitoa mkono nyuma ya mgongo. Alipitisha kidole kwenye kishimo, taratibu, kikaenda, kikarudi. Hakulia, msidhani alilia. Alisema, "Nilikuwa namwambia, shika vizuri, utaharibu mupini. Anasema, mupini utanizoea."

Kisha mama akakichukua kisu, akachukua na kiazi, akakata. Kisu kilipita kama kinakata maji. Akakata cha pili. Cha tatu.

"Eh," akasema. "Inakata."

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia na mwili mzima. "Si nilikuambia, mukecuru? Sasa tuzungumze basi kama tulivyopatana."

"Tuzungumze nini? Ilipokuwa mubaya sikukuuzia. Sasa imekuwa muzuri, ndiyo nikuuzie? We uko na akili?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mwanawe alikuwa ameshakipokea na kukitia mfukoni, mfuko wa kushoto. Hata vijana wangu walicheka, lakini walicheka wakiwa wanainua magunia, na hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naitaka kuliko kisu.

Nilidhani yamekwisha. Yule jirani aliyenyakua simu akaondoka mbio, akarudi na kisu chake chini ya kanga, kinacheza kama cha mwenzake. Mwingine akatuma mtoto nyumbani. Kabla sijajua, nimekaa mimi juu ya lile beseni na suruali yangu ya harusi, kinoo magotini, foleni mbele yangu. Mukecuru alinisimamia kama mnyapara.

"Noa makali tu," akaniamuru. "Kaza musumari. Weusi uache. Waya usiguse."

"Sawa, mama."

"Na ile jivu na ndimu yako, pelekea bibi yako asugulie masufuria."

Sikumwambia kwamba ndivyo mke wangu anavyotaka. Niliinama nikanoa. Hakuna mnunuzi mwingine wa viazi anayepakia kabla yangu kule Bugeshi siku hizi, mwulizeni yeyote, na hakuna mwingine anayepewa viazi vya moto na maziwa kabla hajashuka kwenye lori. Siku ile vijana walimaliza kupakia, wakafunga turubai, wakaketi juu ya magunia kunisubiri, nami nilikuwa bado kwenye kisu cha saba, cheusi, kibaya, cha mtu, nikikinoa polepole ili nisikiharibu.