Odile Akataa Kutawaliwa na Mwezi

Odile Marchadier alipika kwenye kantini ya shule mpaka alipostaafu, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwogopa mtu, sembuse mwezi. Basi ulipoandama mwezi ule unaofuata Pasaka, ambao watu wa mji wake wanauita mwekundu kwa kuwa huacha vichipukizi vimebabuka rangi ya kutu, yeye alibeba miche yake ya nyanya akaipanda nje, mchana kweupe, mbele ya macho ya chama kizima cha bustani.

Mwenyekiti wa chama, Bwana Prunier, akaja mbio. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu alikuwa akitafuta mtu wa kumhukumu.

"Bi Odile, kanuni unaijua: mwezi mwekundu, hakuna kupanda nje."

"Naijua sana. Ndiyo hii ninayoikanyaga."

"Mbalamwezi ina baridi! Inanyonya joto la mmea. Babu zetu..."

"Babu zetu walikuwa wanaoga Krismasi hadi Krismasi, bwana mwenyekiti. Na hilo tuwaige?"

Wanachama wakaangua kicheko, na Prunier akaiva uso kuliko huo mwezi wenyewe. Akatoa hukumu hapo hapo: ama ang'oe miche, ama arudishe ufunguo wa lango na kipande chake cha bustani apewe mwingine.

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, unaweza kukitemea mate toka ncha hadi ncha. Lakini Odile alikuwa akiishi ghorofani, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa supamaketi. Marehemu mumewe, Basile, alimwachia rundo la mashuka ya kitani na waridi moja lenye miiba, na waridi hilo lilikuwa pale bustanini. Ukimnyang'anya bustani, umembakizia ukuta.

"Tupime," akasema. "Mbalamwezi ikiwa na baridi kweli, ufunguo nakukabidhi kwa mkono wangu. Isipokuwa nayo, kanuni yako kafungie jibini."

Usiku wa mwezi mpevu wakatoa meza. Bakuli mbili za supu zikajazwa maji ya bomba moja. Moja ikawekwa juu ya meza, nyingine chini yake, kila moja na kipimajoto chake. Wanachama walikuja na mvinyo na soseji, maana kushuhudia mtu akiadhirika hakufai kwa tumbo tupu. Solange, dada yake marehemu Basile, alikaa mstari wa mbele.

"Wifi, ukishindwa nitakuja kwako tuutazame ukuta pamoja."

"Njoo na kiti. Changu ni kimoja, na kwa umbo hilo utataka na cha jirani."

Muda ulipotimia Prunier aliinama na tochi, akasoma kwa sauti ya mahakama: bakuli ya juu, iliyoogeshwa na mbalamwezi, ilikuwa na baridi kuliko ya chini. Odile akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kipimajoto hakikubadili kauli. Alitoa ufunguo, kisha akala soseji za watu wote waliopiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani akasimama ghafla.

"Solange, siku za baridi gari langu likilala nje kioo kinaganda barafu. Likilala kwenye banda la jirani hakigandi."

"Ndiyo, halafu?"

"Halafu kinaganda hata usiku usio na mwezi! Joto linapaa zake angani kwa kuwa hakuna kitu cha kulizuia. Ile meza ilikuwa blanketi, Solange. Wamenishinda kwa blanketi!"

Kesho yake alimfuata Prunier akataka kipimo kirudiwe mwezi utakapoisha.

"Yaani tupime mbalamwezi usiku usio na mbalamwezi?" Prunier akawageukia wanachama. "Hata mahakamani hatukuwahi kumwita shahidi ambaye hajazaliwa!"

Wakacheka. Lilikuwa jibu tamu. Hasara yake ni kwamba lilikuwa la kijinga.

Basi Odile akawa anaingia kwa kuruka uzio. Kila jioni, na sketi yake na mashuka ya Basile begani, aliifunika miche ambayo hakukubali kuing'oa. Solange alikuwa akimsukuma kwa nyuma.

"Usinishike huko!"

"Nishike wapi sasa, wifi? Kila mahali ni huko!"

Mwezi ukachakaa, ukaisha. Prunier akatangaza kwamba hatari imepita, akapanda nyanya zake wazi, mistari imenyooka kama gwaride. Usiku huo anga lilikuwa jeupe kwa nyota, hakuna mwezi, hakuna upepo. Odile akaweka tena bakuli zake, moja juu ya meza, moja chini. Solange akamulika.

"Ya juu ina baridi zaidi," akasema.

"Na mwezi uko wapi?"

"Labda uko chini ya ardhi, unapumua."

"Solange!"

"Haya, haupo. Umeshinda. Twende zetu, na miguu yangu nayo haina blanketi."

Asubuhi gwaride la Prunier lilikuwa limelala chini, jeusi. Nyanya za Odile zilikuwa kijani kibichi chini ya mashuka. Mwenyekiti alimkuta mle ndani na hakuuliza ameingiaje.

"Mwezi wa mwaka huu umechelewa kuondoka," akasema.

"Jana haukuwepo, bwana mwenyekiti."

"Umeacha baridi yake."

"Kama mgeni anavyoacha harufu ya soksi?"

Prunier akakohoa. Akaitazama miche ya akiba iliyopangwa kando ya lile waridi, nayo chini ya shuka. "Hiyo... ina mwenyewe?"

"Kwanza huo ufunguo mfukoni mwako una mwenyewe?"

Akautoa. Odile akampa miche, na shuka moja, lile lenye viraka. Mazuri yalikuwa ya watu wanaoamini bakuli.

Kikao kilichofuata kilirekebisha kanuni: ni marufuku kupanda bila shuka wakati wa mwezi mwekundu, na pia wakati usio wake. Prunier alieleza kwamba shuka humkinga mtu na mwezi, hata ule ambao haupo. Mkono mmoja tu ulipinga, wa Odile: shuka aliikubali, mwezi hakuukubali.

Kesho yake Odile alifika bustanini, ufunguo ukining'inia shingoni. Akalitazama lango. Kisha akapandisha sketi, akaruka uzio.