Desktop au all-in-one ya kuedit video: "miya wa ashara" ya Jeddah iliyonifunza

Wakuu, habari za huko mliko.

Kila baada ya wiki mbili naona mtu anauliza hapa: ya kuedit video nichukue desktop workstation au all-in-one? Wanaojibu wengi ni wa kutaja namba za processor. Leo acha niwape yangu, bila chumvi. Pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru. Nilikuwa napiga video za harusi na mazishi kwa studio ya jamaa mmoja. Miaka ile mawakala walipokuwa wakibeba watu kwenda Saudia, nami nikabebwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa mlinzi Riyadh, kisha nikapata kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini, na kuwa dereva wa nyumba moja Aziziya, Jeddah.

Nyumba hiyo ilikuwa na dada wa kazi, Mkenya pia, Mkamba wa Mwingi. Nilimwita Mama Mwende, yeye akiniita Baba Kelvin.

Mama yake mzazi akafariki. Mwenye nyumba, tuliyemwita Baba, akampa pole na kumwambia likizo ni mwaka ujao. Halas, imeisha. Mama akazikwa Mwingi, binti yake akiwa Aziziya anapiga pasi kanzu za watu.

Kaka yake aliazima kamera, akarekodi mazishi yote, akatuma memory card na dada mmoja aliyekuwa akirudi Jeddah kutoka likizo. Siku moja madam, mke wa Baba, ameingia dukani, sisi tuko kwenye gari na watoto, Mama Mwende akanipitishia ile card ikiwa imefungwa kwenye kitambaa.

"Baba Kelvin, si wewe ulikuwa mtu wa video? Nitengenezee hii nione vile mama alizikwa. Lakini Idi isipite. Wananipeleka Riyadh."

Binti wa madam alikuwa karibu kujifungua huko Riyadh, na Mama Mwende ndiye angeenda kumsaidia. Nyumba ile ya Riyadh dada wa kazi hashiki simu. Asipoiona kabla ya kuingia pale, ni mpaka mkataba uishe.

Nikamwambia ataiona. Maneno yalitoka haraka kuliko akili.

Laptop yangu ilikuwa imechoka. Ukiipa clip moja ya HD inasimama kama punda katikati ya barabara. Nilikuwa na nia ya kununua mashine ya kurudi nayo nyumbani, kwa hiyo nikaamua ni sasa.

Nikaja hapa hapa jukwaani kuuliza, nadhani wengine mnaukumbuka ule uzi. Mlinipigia kelele: desktop, desktop, desktop. Inaongezeka RAM, inapumua vizuri kwenye joto, kitu kikifa unabadilisha kile tu.

Rafiki yangu Otieno, fundi wa mabomba aliyepanga mtaa wa Bani Malik, alikuwa upande wa all-in-one. Tulikuwa tumeiona mpya, nyembamba, waya mmoja, bei sawa na workstation ya mitumba na kioo chake.

"Chumba chako ni kama kabati," akaniambia. "Hiyo desktop utalala nayo kitanda kimoja?"

Hakusema uongo. Chumba cha dereva kilikuwa pale getini: kitanda, meza moja, AC, basi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la wakuu nililisikia, na subirini muone kilichovunjika.

Ijumaa tukaenda Kandara, ile ya Jeddah, kwa Myemeni mmoja anayeuza kompyuta zilizotolewa maofisini. Nikachagua workstation moja nzito, ukiigonga inalia chuma. Tukavutana bei, tukakubaliana, nikalipa.

Tunatoka mlangoni na mzigo, Myemeni anatukimbilia.

"Miya wa ashara! Miya wa ashara!"

Kiarabu changu kilikuwa cha barabarani na sokoni, lakini namba nazijua. Mia na kumi. Nikajua huyu ameshalipwa na bado anataka riyali mia na kumi juu.

"Mafi miya wa ashara!" nikamjibu, hakuna mia na kumi. "Halas!"

Akagonga nyuma ya mashine kwa kidole, akarudia tena, miya wa ashara. Nikaingia kwenye teksi na kufunga mlango. Otieno alinisifu njia nzima, kwamba siku hizi sidanganyiki. Na mimi, wakuu, nilivimba kichwa kweli.

Tukaiweka kwa Otieno kwanza, jengo la zamani pale Bani Malik. Ikawaka vizuri. Nikahamisha video zote kutoka kwenye card. Card yenyewe ilikuwa ya kuazima, kuna mtu alikuwa anasafiri, nikairudisha Kenya wiki hiyo hiyo ikafutwa, ikarekodiwa harusi.

Mwaona ujinga wa kwanza? Mazishi ya mtu, kopi moja, kwenye hard disk moja ya mitumba.

Nilifanya kazi Ijumaa tatu. Idi ikakaribia, nikaona Ijumaa hazitoshi. Nikaihamishia chumbani kwangu Aziziya ili nitumie ile saa ya baada ya adhuhuri nyumba nzima ikilala.

Soketi ya ukutani ilikuwa imelegea. Nzuri ilikuwa moja tu, ya AC. Nikatafuta adapta, nikachomoa AC, nikachomeka mashine.

Pa!

Moshi mdogo, harufu ya kuungua, kimya.

Nilikaa kitandani. Sikufikiria mashine. Nilifikiria nitamwambia nini Mama Mwende. Niliogopa, na siku hizo sikuwa mtu wa kuogopa sana.

Nikaigeuza nyuma kutafuta palipoungua. Kando ya pale waya unapoingia kuna kiswichi chekundu, kinasukumwa kushoto au kulia. Upande mmoja kimeandikwa 115, upande mwingine 230. Changu kilikuwa 115.

Wale mliowahi kukaa Saudia mshaanza kucheka. Kule umeme ni wa aina mbili. Soketi za kawaida kwenye majengo mengi zilikuwa za mia na kumi, za AC ni mia mbili na ishirini.

Miya wa ashara.

Myemeni wa watu hakuwa anadai hela. Alikuwa ananiambia mashine imewekwa kwenye umeme wa mia na kumi.

Kesho yake nilipowaacha watoto shuleni nikapitia Kandara na mzigo wangu. Aliponiona alinusa tu nyuma ya mashine.

"Ana kalam inta, miya wa ashara," akasema. Nilikwambia. "Inta kalam mafi." Wewe ukasema hakuna.

Ni kweli. Nilikalam mafi.

Akachukua bisibisi, akatoa power supply iliyoungua, akafunga nyingine, akasukuma kiswichi mahali pake, akawasha. Nikasikia hard disk ikianza kuzunguka. Faili zote zilikuwepo. Nilimshika mkono yule mtu kwa mikono yangu miwili, na hela ya power supply hakutaka kuichukua mpaka nilipoiacha juu ya meza.

Sasa tuwe wakweli. Ile all-in-one aliyoitetea Otieno niliisoma kibandiko baadaye, ilikuwa inapokea umeme wowote kuanzia mia hadi mia mbili na arobaini. Isingelipuka. Lakini kama ingeharibika kwa sababu nyingine, pale Kandara hakuna ambaye angeifungua kwa dakika kumi. Kwa hiyo kila upande una haki yake.

Nikamaliza kuedit siku mbili kabla ya safari. Kazi safi: jina la marehemu kwa herufi za dhahabu, slow motion ya jeneza, wimbo wa maombolezo chini kwa chini. Kaka mtu alikuwa amesahau kuzima kamera jikoni, karibu dakika arobaini za sufuria na wanawake wanaongea Kikamba. Mimi Kikamba sijui hata salamu. Nikakata yote, nikabakiza sekunde chache za moshi wa jikoni, na sauti nikaizima.

Tukiwa tunamsubiri madam nje ya supermarket, nikampa Mama Mwende simu. Aliangalia mpaka mwisho.

"Ni nzuri sana, Baba Kelvin. Mungu akubariki." Kisha akarudisha video nyuma. "Lakini pale jikoni, mbona hawaongei?"

"Kulikuwa na kelele tu."

"Yule anayeongea ni mama mdogo. Nimejua kwa vile anavyosimama. Alikuwa anasema nini?"

Mtu amekosa mazishi ya mama yake, amebakiziwa sauti, na mimi nimemwekea wimbo.

Safari ya Riyadh niliendesha mimi. Baba mbele, madam na watoto katikati, Mama Mwende siti ya nyuma kabisa na mabegi. Kabla hatujaondoka nilikuwa nimempa simu yangu na ile clip ya jikoni ikiwa nzima kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na earphone moja ya kupitisha chini ya hijabu. Haikuhitaji workstation wala kitu. Ni kukopi tu. Hata laptop yangu punda ingeweza.

Baada ya Taif nikamwona kwenye kioo anafuta macho. Mbele zaidi, jangwa tupu kila upande, akacheka kwa sauti.

"Eish fi?" madam akauliza. Kuna nini?

"Mafi, madam."

Tulipofika Riyadh, nikishusha mabegi, akanirudishia simu.

"Wanasema mama alikuwa mchoyo wa muthokoi," akaniambia. Muthokoi ni yale mahindi ya kukobolewa ya Ukambani. "Ati hakuruhusu mtu yeyote kuonja kabla haijaiva. Na ni kweli. Hata mimi alikuwa ananichapa na mwiko."

Akabeba begi lake akaingia ndani.

Wakuu, desktop ile ninayo mpaka leo hapa Nakuru, nimeongeza RAM mara mbili. Kama unahamahama na chumba ni kabati, chukua all-in-one na roho itulie. Kama umetulia sehemu moja na una fundi mwenye bisibisi, desktop. Kopi ziwe mbili, usibishane na mimi kwenye hilo.

Lakini mwezi ule niliambiwa mambo mawili kwa lugha nisiyoielewa. La kwanza nikalijibu mafi. La pili nikalizima sauti. Kuuliza kungenigharimu nini?

Kile kiswichi chekundu nimekibandika plasta kwenye 230. Na jikoni kukirekodiwa msibani, sikati.

Wenye desktop, wenye all-in-one, na hasa mliowahi kulipua kitu Saudia, uwanja ni wenu. Wakamba mkinifunza salamu nitashukuru.