Mgeni Aliyeagiza Samaki

Kibanda changu cha mboga kiko chini ya veranda ya gesti ya Mzee Osman hapa Kitale, kwa hivyo yule mama wa ng'ambo nilimwona siku zote tano alizokaa. Asubuhi alisimama na kamera, mikono yake yenye madoadoa ikingoja mawingu yaondoke Mlima Elgon. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, na "tafadhali" alimwambia hata paka. Kila alichohudumiwa alikiandika: chai, kitanda, nani alimcheka kule Bungoma. Daftari hilo lilininyima raha, maana binti yangu Hasina alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuhudumia wageni pale, na Osman alikuwa amesema mgeni akilalamika mara moja tu, msichana arudi nyumbani.

Siku ya tatu yule mama akaagiza samaki. "Iko," akajibu Hasina, kama sisi wote tunavyojibu hata kitu kisipokuwepo, kisha akatoka mlango wa nyuma mbio kumtafuta huyo samaki sokoni. Mgeni alimfuata kwa macho mpaka kona. Saa nzima ikapita. Osman akatokea.

"Madam, si huyu msichana amekuchelewesha?"

Nyanya zikaniponyoka mikononi.

"Hapana, tafadhali. Mimi ndiye niliyechelewa kuagiza."

Kesho yake, kabla ya kuketi, alishuka kwangu. "Mama, leo una nini?" Akachagua mafungu mawili ya managu, mboga zetu za majani, akayapeleka jikoni mwenyewe, ndipo akaketi mezani, akamwita Hasina na kuagiza managu yale yale.