Siku Niliyomuua Papa Paluku Mara Tisa

Kilio nilikisikia kabla sijaona mtu. Nilikuwa nimejifunika kitenge cheusi kichwani pamoja na kamera, kama mtu anayejifukiza mafua, ili mwanga wa dirishani usinizuie kuona kioo chake kidogo, na humo gizani nikasikia sauti ya mwanamke ikipanda, ikakatika, ikapanda tena, sauti iliyojaa, isiyoogopa majirani. Aibu yangu, ile ninayoikiri mapema ili mnicheke mara moja yaishe, ni kwamba nilifurahi. Nikawaza, mara hii Mama Kavugho amejipita mwenyewe. Kisha nikamsikia Mama Kavugho mwenyewe, kando yangu kabisa, akipuliza chai yake.

Kilio kilitoka nje, uwanjani. Na hakikuwa cha kwetu.

Ngoja niwarudishe asubuhi. Naitwa Masika, ni wa Butembo, nimeandika riwaya moja ambayo haijachapwa na nyingine ambayo haijaisha (msiniulize ipi ni bora). Miezi ile nilikuwa naota filamu. Naliona bonde letu asubuhi, ukungu umelala juu ya mabati kama maziwa yaliyomwagika, na nasema moyoni, hii si ya kuandika, hii ni ya kuonyesha. Basi nikambembeleza Kasereka, anayepiga picha za harusi kule Beni, aje na kamera yake siku moja. Moja tu, maana kesho yake kamera ilikuwa na bibi harusi.

Sasa, kamera ikiwa moja, dunia inabidi irudie. Unaipiga kwanza picha pana, chumba kizima, mke analia juu ya maiti ya mume wake. Halafu unasogea, analia tena, uso tu. Halafu unahamia upande wa pili wa kitanda, analia tena, mkono wa maiti mbele na mama nyuma, mbali kidogo, kama ndotoni. Baadaye unaviunga vipande hivyo, na mtazamaji anaamini kwamba ni kilio kimoja. Mimi kazi hiyo niliipenda kama sala. Kifo kinachomjia mtu mara moja, sisi tulikipanga mara tisa kabla ya saa sita, na kila mara nilirudisha mkunjo wa shuka mahali pake kwa kuangalia daftari.

Nyumba ilikuwa ya Papa Paluku, mwalimu aliyestaafu, mzee wa kanisa la Waprotestanti pale mtaani, na yeye ndiye aliyekuwa maiti wetu. Mke wake, Mama Kavugho, alicheza mke wake. Binti yao Kavira alikuwa rafiki yangu wa dawati moja shuleni, na hapa lazima niseme wazi, maana bila hili mkasa wangu ungekuwa wa kuchekesha tu. Kavira aliolewa Beni na Mkatoliki, kwenye parokia ya mume, na Papa Paluku akakataa kukanyaga harusini. Miaka minne ikapita. Kuna mjukuu wa miaka mitatu ambaye mzee hakuwahi kumbeba. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka Beni parachichi za Mama Kavugho na kurudi na picha za mtoto, ambazo mama alizificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Na Kavira aliwahi kunishika mkono pale kwenye stendi ya pikipiki akasema, "Siku kitu kitafikia papa, ni weye utaniambia. Hapana mutu mungine."

Nilipomwomba mzee awe maiti, nilidhani atanifukuza. Alifikiri, akauliza swali moja tu, huku akitazama dirishani: filamu hii, hata Beni itaonekana? Nikasema ndiyo, Papa. Akasema basi, nitakufa. Nilielewa. Nyote mmeelewa. Kwenda Beni kwa miguu yake hakuweza, lakini sura yake ingeenda.

Uamuzi mdogo ulioniharibia maisha ulikuwa huu. Katika maandishi yangu marehemu aliitwa Yeremia, na Mama Kavugho hakuweza kumlilia. Alilia kama mtu anayeitika simu.

"Masika," akaniambia, "huyu Yeremia sijue ye. Nitamulilia namna gani mutu sijue?"

"Basi mama, lia na jina la papa."

Kutoka kitandani, macho yamefungwa, uso umepakwa unga wa muhogo, marehemu akasema, "Anililie tu. Nisikie kwanza vile ataniliaka."

Na alimlilia. Ee, alimlilia. "Paluku wangu, uliniachia nani," sauti ikatoboa bati, ikateremka bondeni pamoja na ukungu, na Kasereka akanong'ona kwamba ni nzuri kabisa, sasa turudilie, ya karibu. Tukarudilia. Tukarudilia tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwetu, kilio cha namna hiyo kikisikika saa mbili asubuhi, watu hawaulizi. Wanazima jiko, wanachukua kuni, wanakuja.

Halafu simu. Nilikuwa nimesoma kwamba mkuu wa filamu mwenye nidhamu hukusanya simu zote, basi nikazizima zote, yangu, ya mama, ya mzee, ya Kasereka, nikazipanga jikoni ndani ya basani, lile beseni la kuoshea vyombo, na kuzifunika kwa taulo. Nilijiona mtaalamu.

Na halafu ukimya. Hili pia ni la kazi: kila chumba kina ukimya wake, na ukimaliza kupiga picha unawaomba watu wote wasimame bila kupumua sana, dakika nzima, unarekodi ule ukimya ili baadaye uutandike chini ya maneno kama mkeka. Tukasimama. Kasereka kainamisha kichwa kusikiliza, mimi macho nimefumba, Mama Kavugho mikono kifuani, mzee katikati na shuka mpaka shingoni. Nikasikia mvumo wa hewa kwenye pazia, jogoo wa mbali, bati likijinyoosha kwa jua. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote. Mlango ukafunguliwa taratibu, jirani Mama Katungu akaingiza kichwa, alikuwa anarudisha kichungio cha unga. Kasereka akaweka kidole mdomoni. Mama Katungu akatutazama, akamtazama mzee, akaweka mkono mdomoni naye, akarudi kinyumenyume. Nikasema moyoni, mwanamke mwenye heshima kweli.

Mwanamke mwenye heshima alikwenda kumpigia simu dada wa mzee, na dada wa mzee akawapigia wote walio hai.

Ndiyo maana, saa sita, nilipotoka chini ya kitenge changu na kuchungulia nje, uwanja ulikuwa umejaa. Kuni zimeegemezwa ukutani. Mikeka. Ndizi mbichi, maharagwe, sufuria mbili kubwa juu ya mawe matatu matatu. Wamama wa kanisa wamevaa vitambaa vyeupe na wimbo umeshaanza kwa sauti ya chini.

Mtu mwenye akili angetoka akasema samahani jamani, papa yuko hai, anakunywa chai. Mimi nikatazama zile sura, jua limezikata kwa upande, moshi unapita katikati yao, nikawaza kwamba umati wa namna hii nisingeupata maishani. Nikamgeukia Kasereka. Alikuwa ameshageuza kamera.

"Moja tu," akasema. "Ya pana."

Mama Kavugho hakupenda, alisema hii si mchezo tena, hawa ni batu wa kweli. Nikamwambia dakika kumi, mama, kisha nitawaeleza mwenyewe. Mzee nikamwomba abaki alivyo. Akajibu kwa fahari kwamba anaweza kufa mpaka magharibi.

Wakaingia. Akaingia pia Fundi Mbusa, seremala wa mtaa wa juu, na kipimo chake cha kamba, akampima Papa Paluku kuanzia kisigino mpaka utosini, akapima mabega, akasema peke yake, "Kumbe alikuwa murefu hivi." Nikaona shuka likitetemeka tumboni. Mzee alikuwa anacheka kwa ndani. Mama Kavugho akaona, akauficha uso ndani ya kitenge, mabega yakiruka, na wamama wawili wakamshika wakimpa pole na kumwambia ajikaze. Mimi, nimesharudi chini ya kitenge kwenye kamera, nilikuwa nimekiuma.

Pikipiki ikanguruma nje, ikazima. Wimbo ukakatika. Watu wakapisha njia.

Kavira aliingia na vumbi la Beni mpaka kwenye kope, mtoto amefungwa mgongoni. Hakulia kwa sauti. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamfungua mtoto, akamweka juu ya kifua cha baba yake.

"Papa," akasema, "kila mwaka nilikuwa nasema nitakuya siku ya Noël. Kila mwaka. Angalia mutoto wako."

Ndani ya kioo changu niliona kila kitu, kidogo, kinachong'aa, kama kinatokea chini ya maji. Niliona macho ya mzee yaliyofumbwa yakianza kuvuja, na machozi yakichimba mifereji miwili kwenye unga. Nilijua neno la kusema. Ni neno fupi, nilikuwa nimelisema tangu asubuhi mara tisa. Kata. Sikulisema. Mkono wangu ulizungusha lenzi, taratibu, ili chozi liwe wazi zaidi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulicheka hata leo.

Mtoto akagusa unga kwa kidole, akaonja.

"Mama," akasema, kwa neno letu la babu, "koko analia."

Kisha mkono wa marehemu ukainuka na kumshika mjukuu mgongoni. Yaliyofuata mnaweza kuyawaza. Fundi Mbusa alipita dirishani, na dirisha lile si kubwa. Wamama wa kanisa waliita majina yote ya Mungu, kwa Kiswahili na kwa Kinande, wakatoka kwa mlango mmoja wote pamoja, benchi likavunjika, sufuria moja ikapinduka. Chumba kikabaki na sisi wachache.

Kavira alisimama. Akamtazama baba yake aliyekuwa amekaa kitandani na unga usoni. Akanitazama mimi. Akaitazama taa nyekundu ya kamera.

"Masika, uko napika picha?"

Niliteremsha kitenge mabegani.

"Nilikuita mara kumi na moja. Telefone yako ilikuwa wapi?"

"Ndani ya basani," nikasema. Ndivyo nilivyosema, mwandishi wa riwaya mbili.

"Futa."

Kasereka akaniuliza kwa macho, hii moja au vipi. Nikamwambia zote. Akabonyeza, na vifo vyote tisa vikaondoka, na mkunjo wa shuka, na mkono wa mbele na mama wa nyuma, na ule ukimya mzuri pia. Akachukua kamera yake, akamwomba mzee msamaha, akaenda kumsubiri bibi harusi wake.

Nje mambo yaligawanyika: nusu ya majirani walibeba kuni zao wakarudi nazo bila kuniaga, nusu wakasema maharagwe yameshachemka, tule. Mama Katungu alikaa miezi mitatu bila kuitikia salamu yangu, na mtaani hadi leo wananiita Mama wa Maiti. Hayo nimeyapokea. Filamu bado nazitaka, sitawadanganya, usiku bado naziona. Lakini nimeapa kwamba sitamkopa tena mtu aliye hai jina lake la kweli ili anisaidie kusema uongo, na siku uchungu wa kweli ukiingia ndani ya kioo changu, nitakuwa wa kwanza kugeuza uso.

Ila siku ile bado nilikuwa nimesimama pale, kitenge cheusi mabegani. Mzee alikuwa amempakata mtoto, wote wawili weupe kwa unga. Kavira hakuwa amekaa. Dereva wa pikipiki alikuwa anapiga honi nje, akiuliza kama amsubiri au aende. Papa Paluku akasogeza kigoda kwa mguu, polepole, mpaka kikamfikia binti yake.

"Kaa, Kavira."

Akakitazama kile kigoda muda mrefu. Mimi pia nilikitazama. Nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Masika atoke kwanza," akasema.

Nikatoka. Mama Kavugho alinisindikiza hatua tatu, akanigusa begani, na mlango ukafungwa nyuma yangu.