Hapa Kuna Mwenyewe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nitakueleza leo kwa sababu ya ile picha uliyotuma kwa simu. Usijitetee kwanza. Kaa, sikiliza, chai iko hapo.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa narudi kazini Parklands, kwenye yale maduka ya zamani, nikitoka kwetu Ukambani na vumbi la safari bado kwenye viatu. Nilikuwa msichana wa kushona. Hata kabla sijafika kwenye nguzo ya kwanza ya veranda, muuza mahindi aliniona akaita kwa sauti, "Bibi arusi amerudi!" Wenzake wakacheka. Mmoja akaniuliza kama punda wa bwana yangu wako wangapi. Nilipita tu. Sikuwa nimeolewa na mtu, wala sikumjua mwenye punda.

Wewe maduka yale unayajua yakiwa na vioo na kahawa ya watu wenye haraka. Wakati wetu yalikuwa ya mawe na mabati, na mbele veranda ndefu iliyoshikwa na nguzo. Mwenye duka aliuza vitambaa ndani. Sisi mafundi tulikaa nje na cherehani zetu, kila mmoja na nguzo yake. Mteja akinunua kitambaa, anatoka nacho nje kumtafuta fundi wake. Akina mama wa Kihindi walileta blauzi za sari, na akina mama wa Kangemi walileta sare za shule. Mimi nilikuwa nguzo ya tatu. Rispa, msichana wa rika langu ambaye tulikuwa tukila naye sahani moja, alikuwa nguzo ya nne. Mwisho kabisa, penye upepo, alikaa Mzee Kioko na pasi yake ya makaa. Nguo yoyote iliyoshonwa pale ilipita mkononi mwake kabla haijamfikia mwenyewe.

Veranda ile ilikuwa na sheria yake, na hakuna mahali ilipoandikwa. Kila fundi alikuwa na rangi ya uzi wake. Wangu ulikuwa wa kijani, wa Rispa mwekundu. Ukisafiri, unafunika cherehani yako kwa leso na jirani yako anakupokelea kazi. Nasema kupokea, si kushona. Anampima mteja, anakunja kitambaa na vipimo ndani, anafunga kifurushi kwa uzi wa rangi yako, anakisukuma chini ya cherehani yako. Ukirudi unakuta kazi inakungoja. Hata watu walionuniana walishika sheria hiyo, maana leo ni safari yangu na kesho ni yako.

Mimi nilikuwa nimeitwa nyumbani kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilimwambia Rispa, nikamwambia na Mzee Kioko, nikafunika cherehani nikaenda. Nilimwuguza mama mpaka alipoweza kushika kikombe mwenyewe, ndipo nikarudi.

Basi siku hiyo nikafika kwenye nguzo yangu. Cherehani ilikuwepo, imesukumwa ukutani. Chini yake nikaona vumbi na ganda la ndizi. Mahali ninapoweka kiti changu palikuwa na gunia la makaa, jeusi, la Mzee Kioko. Nikasema moyoni, hata huyu mzee naye ameona nafasi akainyakua. Nikageuza macho kwa Rispa. Kando yake palikuwa na lundo la vifurushi, vyote vimefungwa uzi mwekundu, na katikati ya lundo nikakiona kitambaa cha zambarau. Kile kitambaa kilikuwa cha mama mmoja ambaye hakuwahi kushonewa na mtu pale isipokuwa mimi.

Nilimwuliza Rispa kulikoni. Hakutoa mguu kwenye pedeli. Akanieleza, akishona, kwamba walisikia nimeolewa Kitui na mzee mwenye punda. Mtu alikuwa ameniona nikipanda basi na sanduku na blanketi mbili. Wateja walipouliza, aliwaambia alichosikia.

"Nilitaka niwaambie nini?" akasema. "Mtu hubeba sanduku na blanketi akienda wapi?"

Blanketi zilikuwa za mama, mwanangu. Ukambani usiku wa kiangazi ni baridi, na mgonjwa hatosheki na moja.

Watu hupenda kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nimekaa sokoni miaka mingi, na nakwambia lisemwalo limesemwa tu. Sikio halilali na njaa. Usipolilisha ukweli litakula chochote.

Ujue pia ni wakati gani. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Sare za majuma yale ndizo zilizolisha fundi mwaka mzima, na mteja akishazoea kipimo cha mkono mwingine harudi. Vifurushi vile vikibaki kwa Rispa, mimi ningekuwa mtu wa kukalia baridi ya veranda, kisha ningerudi Ukambani kweli, na uvumi ungekuwa umesema kweli.

Sasa, mimi nilikuwa na jambo la Rispa. Miezi michache nyuma alikuwa ameunguza blauzi ya satini ya bibi arusi. Alikuwa ameazima pasi ya Mzee Kioko wakati mzee amekwenda kunywa chai, na pasi ikala kifua chote. Nilimwona akifunga ile blauzi kwenye gazeti. Baadaye nikamwona akikata nyingine, ya kitambaa cha bei ya chini. Nilikuwa nimenyamaza. Lakini mwenye duka hakuwa mtu wa kusamehe satini, na siku hiyo nikaona wakati wa kunyamaza umekwisha. Nikaelekea mlangoni.

Mzee Kioko hakuinua kichwa. Alikuwa anapepea makaa.

"Wewe msichana," akasema, "unaenda wapi na hiyo uso?"

Nikamwambia naenda kumweleza mwenye duka habari ya satini.

"Ni uongo?"

"Si uongo, mzee. Hata wewe unajua. Iliungua na pasi yako."

"Najua. Na nilimwambia Rispa siku hiyo hiyo, hapa, mimi na yeye peke yetu. Akalia. Halafu akaenda na miguu yake mpaka kwa yule mama wa bibi arusi akamwonyesha ile iliyoungua. Hicho kitambaa kingine ni mama mwenyewe alichagua. Hiyo ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua.

"Wewe uliona blauzi ikiungua. Na yule mwingine aliona sanduku. Sasa nyinyi wawili mko tofauti na nini?"

Lakini nilikuwa kijana, na kijana akishindwa hutafuta methali. Nikamwambia dawa ya moto ni moto.

Mzee akacheka kidogo. Akafungua pasi akanionyesha makaa ndani. "Mimi ndiye mtu wa moto hapa," akasema. "Hii ikizidi, siongezi makaa. Naweka majivu. Ukiongeza makaa utaunguza nguo ya mtu ambaye hata hakukukosea."

Nikaona ameshinda, nikatafuta kosa lake. Nikamwuliza, na gunia lako mahali pangu ni la nini?

"Kuna fundi wa River Road amekuja hapa mara mbili na cherehani begani. Anataka hiyo nguzo. Nikamwambia, hapa kuna mwenyewe. Akasema mwenyewe ameolewa. Nikaona maneno hasikii, nikaweka gunia. Gunia ya makaa hakuna mtu anataka kugusa."

"Kwani wewe hukuamini nimeolewa?"

"Mimi sikujua umeolewa ama hujaolewa. Nilijua hujaniaga. Mtu akienda kabisa, anaaga. Wewe uliniambia mama ni mgonjwa, ukaenda. Basi."

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi, na padre wetu anajua kusema. Lakini hakuna neno lililonikaa kama lile. Veranda nzima ilikuwa inazungumza habari yangu, na mtu mmoja alikuwa ameketi na kitu kimoja alichokijua kwa hakika, akakishika, na juu yake akaweka gunia.

Akamwita Rispa. Hakumwita kwa kelele, alisema kuna shati anataka alione. Rispa alipofika, mzee akamwuliza kitu kimoja tu.

"Huyu alikuaga?"

Rispa akatazama chini. "Aliniambia mamake ni mgonjwa."

"Nimeuliza kama alikuaga."

"Hapana, mzee."

"Haya. Shati iko sawa. Nenda."

Ndiyo hukumu yote. Hakuna aliyemwita mwenye duka, na muuza mahindi hakupata cha kusimulia. Rispa alirudi kwenye nguzo yake, akachukua mkasi akaanza kukata uzi mwekundu kwenye kazi za wateja wangu, kifurushi kimoja baada ya kingine. Akafungua kikopo changu cha nyuzi bila kuniomba, akavifunga upya kwa kijani, akavisukuma kwa mguu chini ya cherehani yangu. Mimi nilikuwa napangusa vumbi. Hatukutazamana. Alipofika kwenye kile cha zambarau akasimama.

"Hii nilikuwa nimekata tayari," akasema.

"Maliza," nikamwambia.

Akamaliza, na akashona vizuri, sina budi kusema. Saa saba tukala sahani moja kama zamani, ila siku hiyo mboga ilikuwa na maneno machache.

Usidhani basi mambo yote yalirudi. Wateja wengine sikuwaona tena. Habari iliyotoka veranda ilikuwa imeshafika Kangemi na Westlands, na kule hakukuwa na Mzee Kioko wala gunia. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa na babu yako, mwanamke mmoja kanisani aliniuliza punda wanaendeleaje. Maji yakimwagika hayazoleki. Unaweza kukausha sakafu, lakini unyevu unabaki kwenye nyufa.

Sasa nije kwa picha yako.

Najua unapenda yale maduka. Najua ukurasa wako wa habari za mtaa watu wengi wanausoma, na si vibaya. Duka lipi linapakwa rangi, ukuta upi unabomolewa, nani ameleta viatu vipya, hayo ni mambo ya watu kujua. Lakini juma lililopita uliona kufuli kwenye duka la yule mzee fundi wa saa, siku ya kwanza, siku ya pili. Ukapiga picha. Ukaandika kwamba duka la mwisho la wazee limefungwa kabisa na fundi hayupo tena. Watu wakaweka chini yake vile vipicha vya mishumaa na mikono ya kuomba. Jirani alinionyesha, akiwa karibu kulia. Nikamwuliza, huyo mzee amemuaga nani? Hakujua.

Nilivaa viatu nikaenda. Kutoka hapa Kangemi si mbali, ila magoti yangu yanaona ni mbali. Nikakuta vijana wawili mbele ya lile duka wanapima mlango kwa futi, mmoja anashika mwisho, mwingine anasoma. Wanataka kuuza simu hapo. Nikawaambia hapa kuna mwenyewe. Wakanitazama, wakatazama fimbo yangu, wakaniambia, "Shosho, huyo alishaenda, iko kwa simu." Sikuwa na gunia la makaa. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango. Mlango alioukalia bibi kizee haupimiki. Wakakunja futi yao wakaenda.

Sikujua kama yu hai, mwanangu. Nilijua hajaaga, nikakaa.

Siku ya pili yake nikarudi, na saa nne hivi akaja ameshikwa mkono na binti yake, jicho moja limefunikwa. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Akaniona kwenye ngazi yake akaniuliza, "Mama, mimi nilikufa lini?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu asubuhi wateja wake walikuwa wanampigia binti kutaka saa zao kabla hazijagawanywa na warithi.

Basi neno langu ni hili, na silirudii. Ukiona kufuli, umeona kufuli. Sema kufuli, au afadhali gonga kwa jirani uulize. Mtu asiyeaga hajaenda, na kiti chake si chako kukitangaza. Na ukiwa na jambo la mtu, hata liwe la kweli kama jua, mwenyewe alisikie kwanza, wewe na yeye, kabla ya muuza mahindi. Pengine ana nusu ambayo wewe hukuiona. Kesho asubuhi utakwenda kwa yule mzee. Hutakwenda na simu mbele, utakwenda na mikono miwili na salamu. Akikubali, utampiga picha akiwa kwenye kiti chake, na utaandika yupo. Asipokubali, utafagia mbele ya duka lake na kurudi nyumbani.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Akupe kazi ya mikono na wateja wanaorudi. Na siku utakayosafiri, watu waanze kusema lao, akubakishie mtu mmoja mkaidi wa kuweka gunia mahali pako na kuwaambia: hapa kuna mwenyewe.

Sasa kunywa chai, imepoa.