Maji ya Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu mama yangu amezeeka na hataki kufa bila jibu. Mdogo wangu Salumu, beki wa timu yetu ya Mamba, alifia uwanjani Kabambare katika mechi na mahasimu wetu, Nyuki, na mjini kwetu kila mtu anasema alinyweshwa sumu. Aliyeonekana na kikombe mkononi ni dada yetu mkubwa, Yaya Asha, aliyeolewa hukohuko. Tangu mazishi Mama hakulitamka jina lake. Juzi akalitamka. Akaniambia: "Enda umuulize Asha alimupa mutoto yangu nini."

Asubuhi, karibu na soko la Kasongo, nilimpata Amisi, mwendesha pikipiki, mtu wa Wamaza, kijiji cha njiani. Nilipomtajia ninakokwenda alinikazia macho. "Weye ni ndugu ya Salumu," akasema. "Panda."

Njia ya Wamaza ni mashimo na matope, na Amisi alizungumza njia nzima. Zamani, alisema, mechi ya Mamba na Nyuki ilikuwa karamu. Wenyeji waliwapikia wageni, mpira ukachezwa, na jioni wazee wakaposeana mabinti. Yaya Asha mwenyewe aliposwa hivyo, na kipa wa Nyuki. Halafu siku moja Kasongo tuliwalisha Nyuki samaki walioletwa kutoka Nyangwe. Usiku wakaharisha wote, kesho yake wakafungwa vibaya. Hakuna aliyeuliza samaki wale walikaa juani muda gani. Nyuki walisema ni dawa ya uchawi.

Toka hapo kila timu ikasafiri na mpishi wake, kisha na maji yake. Mchezaji aliyeonja maji ya wenyeji hakupangwa tena. Baadaye wageni wakaacha hata kupita langoni, wakihofia dawa iliyofukiwa pale, wakawa wanaruka ua kwa nyuma. Nilicheka, maana niliwahi kumwona kipa wetu mnene amenasa kaptura juu ya ua, lango liko wazi pembeni yake. Amisi hakucheka.

Tulipoipita Wamaza, kwenye mteremko wa mawe, alizima pikipiki.

"Ni hapa," alisema. "Siku ile miye ndiye nilibeba maji ya Mamba. Nilianguka. Bidoni zote zilipasuka."

"Kwa nini hawakurudi?"

"Warudi? Nyuki wangewacheka mwaka muzima! Kapiteni alisema tunacheza, na hakuna mutu wa kunywa maji ya Kabambare."

Nilitazama mawe yale. Palikuwa mahali pa kawaida tu, mbuzi wanapita. Kasongo hatukuwahi kuambiwa habari ya bidoni.

Kabambare tulifika jua likiwa kali. Yaya Asha alikuwa uani anatwanga mihogo. Amekonda, mvi zimemjaa. Aliponiona aliuacha mchi, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, kama mwenyeji yeyote anavyomfanyia mgeni. Katikati ya ua akasimama. Akakirudisha kikombe kifuani.

"Unisamehe," alisema. "Nilisahau weye ni mutu ya Kasongo."

Neno lile liliniuma kuliko matusi. Nikamwambia Mama amenituma, na nikamuuliza swali la Mama kama lilivyo. Alijibu akiwa bado amesimama.

"Jua lilikuwa kali. Arbitri akapiga filimbi ya mapumziko. Niliona Salumu anatetemeka, midomo imekauka. Nikakimbia na maji. Akaniangalia, akageuza uso. Akasema, hapana Yaya, watanifukuza mu ekipe ya Mamba. Kapiteni yenu iko pale pembeni, anasikia yote. Wakarudi kucheza, Salumu akaanguka." Alikitazama kikombe. "Ile maji nilikuja kumumwangia ku kichwa. Amekwisha kufa."

Nilishikwa na hasira. Kumbe walijua. Nahodha na wenzake walijua Salumu hakuonja hata tone, wakaleta maiti kwa Mama na habari ya sumu. Wangesema hakunywa, wangeulizwa nani alimkataza. Ikawa rahisi kumtwisha dada yake.

Nilinyoosha mkono, nikakichukua kikombe, nikanywa maji yote. Yalikuwa ya uvuguvugu, yana ladha ya mtungi. Yaya Asha alikaa chini akalia, na mimi nikalia naye. Baadaye aliniuliza: "Nikikuja Kasongo, nikipika, Mama atakula?"

Jioni tukaanza kurudi. Kwenye mteremko Amisi alishuka akaisukuma pikipiki kwa mikono hadi juu.

Tulilala Wamaza, na Kasongo tulifika alasiri ya siku ya pili. Mama alikuwa amekaa mlangoni, na nilimweleza kila kitu: bidoni, nahodha, kikombe kilichokataliwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Na weye, ulikunywa kwake?"

"Nilikunywa, Mama."

Aliinuka akishika ukuta. Alirudi na bakuli la mafuta ya mawese, yale ambayo kwetu hunyweshwa mtu aliyelishwa sumu ili atapike. Mafuta yalikuwa yanamwagikia kitenge chake.

"Kunywa," alisema. "Sina mwingine."

Nikanywa. Nilitapika mpaka usiku, na machoni pa Mama maji ya Yaya Asha yakatoka na chakula chote cha njiani.

Nilikwenda kuuliza nani alimuua Salumu, nikakuta kiu, na woga tulioupika wenyewe tangu wale samaki. Lakini jibu nililolileta, Mama hawezi kulisikia kwa masikio. Siku hizi, kukipambazuka, anafungua mlango wangu pole pole, anasimama kutazama kama napumua, kisha anaufunga. Huwa niko macho zamani, nimejilaza namngoja, ili anikute mzima. Yaya Asha hana shahidi mwingine.