Bogonvilia ya Laurence

Wivu wa Drocella ulianza siku bogonvilia ya Laurence ilipochungulia juu ya uzio. Kabla ya hapo walikuwa majirani wema tu pale Gihundwe, wanaoombana chumvi na kiberiti.

Laurence alilelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Aliporudi, alikuja na vijiti vilivyofungwa kwenye kitambaa kibichi, na kila alichochomeka kilishika: waridi, haibiskasi, na hiyo bogonvilia isiyojua mpaka. Drocella yeye alikuwa na gladiola za mwitu alizozichimba mwenyewe kule Butare, viua vya rangi ya waridi vya kando ya kijito, na kana zenye majani mapana. Hizo aliziita ukoo wetu. Za jirani aliziita za kuja, na alivyolitamka neno hilo ungedhani anatema kitu.

“Hata kana yako ililetwa na bapadri,” mumewe Cassien alimwambia siku moja, akicheka. Drocella alimnunia hadi kesho yake.

Sababu ya uchungu wote huu ilikuwa sikukuu ya Sakramenti. Siku hiyo wasichana hutangulia maandamano wakimwaga maua njiani, na tangu alipoolewa, vikapu vyao vilijazwa nyumbani kwa Drocella. Ndicho kitu pekee ambacho parokia nzima ilimjua kwacho. Mwaka huu katekista akatangaza kanisani, bila hata kumtazama, kwamba maua yatatoka kwa Maman Laurence, kwa kuwa yake ni mengi na yanapendeza. Watu wakageuka kumtazama Laurence. Drocella akatabasamu, na moyoni akamlaani.

Jioni ya mkesha alichukua panga, akaenda kwenye uzio. Shina la bogonvilia lilikuwa limepenya katikati ya miyenzi, ile miti ya uzio wenyewe, na alikusudia kulikata chini, lisionekane. Sasa miyenzi, kila mtoto wa huku anajua, haikatwi kwa hasira. Unasimama pembeni, unageuza uso, maana utomvu wake mweupe ukiingia machoni utalia. Drocella alijua. Lakini alikuwa akimsikia Laurence ng'ambo ya pili akiimba na kuchuma, basi akapiga panga uso ukiwa karibu kabisa, na utomvu ukamrukia machoni.

Alipiga kelele hata Cassien akatoka na sabuni usoni. Laurence ndiye aliyewahi.

“Maman Drocella, usifute na mukono! Lala hapa. Cassien, leta mayi, mingi!”

Alimmiminia maji machoni mpaka mtungi ukaisha, akaagiza mwingine, kisha akaenda naye hospitali kwa pikipiki, akimshika kiuno. Kuhusu lile panga na shina lililokatwa nusu, hakuuliza neno. Drocella alimngoja aulize, na kule kutoulizwa kukamchoma kuliko utomvu.

Kesho yake alikaa kitandani, macho yamefungwa bendeji. Alisikia nyimbo zikipita barabarani na kufifia. Kisha Cassien akaingia.

“Batoto bamemwaga maua?”

“Bamemwaga. Njia yote.”

“Ya Laurence.”

“Hapana, ni yako. Alikuja hapa asubuhi ukiwa umelala, akachuma gladiola, kana, yote. Yake aliacha nyumbani. Aliambia bantu kama mwaka huu tena ni maua ya Maman Drocella.”

Drocella alijua mwanamke mwema hapo angelia na kushukuru, na alijaribu kwa kweli, lakini hakikutoka kitu.

“Na bantu balisema nini?”

“Balimusifu sana Laurence. Hata Abbé mwenyewe, kule altareni. Ati ana roho nzuri.”

Akageukia ukuta.

“Si angemwaga yake tu,” akasema, “nimuchukie kwa amani.”